Kadenge na Mpira: Sifa Isiyo na Kitenzi

Kila lugha ina njia zake za kuwalilia wafu, na Kiswahili kina nyingi. Kuna tanzia, kuna rambirambi, kuna tenzi na mashairi ya maombolezo, na kuna maneno machache yasemwayo kwa sauti ya chini na watu waliokaa msibani. Walakini hutokea kwa nadra sana maneno yaliyozaliwa katika shangwe yakageuka kuwa maneno ya msiba pasipo kubadilishwa hata herufi moja. Jambo hilo lilitokea mwezi wa Julai 2019. Tarehe 7 ya mwezi huo Joe Kadenge, mchezaji mashuhuri wa mpira wa miguu na baadaye kocha wa timu ya taifa ya Kenya, alifariki dunia mjini Nairobi akiwa na umri wa miaka 84. Magazeti, redio, viongozi na washabiki walipotaka kumlilia hawakutafuta maneno mapya. Walirudia maneno matatu yaliyokuwa yamezoeleka vinywani mwa watu kwa miaka mingi: Kadenge na mpira.

Usemi huu hutajwa na wengi kwa mapenzi, na mapenzi hayo ni haki yake. Hata hivyo maneno yakisha kukabidhiwa kazi kubwa kama kazi ya kumlilia mtu, yafaa yapimwe kama yapimwavyo maneno ya mshairi. Swali la kuulizwa ni hili: je, sifa hii yatosha kuwa maombolezo? Ikiwa yatosha, nguvu yake inatoka wapi? Ikiwa haitoshi, ni kitu gani kimeachwa nje yake?

Kipimo kitakachotumiwa hapa kimechukuliwa katika pembe ya kaskazini magharibi ya Tanzania, katika mkoa wa Kagera na hasa wilaya za Ngara na Biharamulo, pamoja na nchi zipakanazo nazo. Huenda msomaji akashangaa kuona mchezaji wa Kenya akipelekwa mbali hivyo ili apimwe. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba nchi hizo za Maziwa Makuu zina sanaa ya kale ya kuwasifu mashujaa, ambayo imekusanywa na kuchunguzwa vizuri, nayo ni mizani ya haki kwa sifa yoyote ya shujaa katika Afrika ya Mashariki. Ya pili ni kwamba katika wilaya kama hizo mpira wa viwanja vikubwa ulisikiwa kwa miaka mingi kabla ya kuonekana; na usemi wa Kadenge ni usemi uliotengenezwa kwa ajili ya mtu asikiaye bila ya kuona.

Kwanza na aelezwe mtu mwenyewe. Kadenge alizaliwa mwaka 1935 katika sehemu za magharibi ya Kenya, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Vihiga. Alichezea Maragoli United, kisha Abaluhya United, klabu iliyoundwa mwaka 1964, ambayo baadaye ilipewa jina la AFC Leopards. Aliichezea pia timu ya taifa katika zama za Kombe la Gossage. Mashindano hayo, yaliyopewa jina la kampuni ya sabuni, yalianza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda. Tanganyika ikaingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwaka 1949. Kadenge alikuwa mshambuliaji, na sifa yake kubwa ilikuwa ufundi wa kupiga chenga. Mwaka 2002 alikuwa kocha wa timu ya taifa, Harambee Stars. Na katika uzee wake mtu huyu ambaye jina lake lilijulikana na taifa zima alijipatia riziki kwa kuendesha teksi mjini Nairobi. Maisha yake, basi, yalikuwa na sura tatu: mchezaji, mwalimu wa wachezaji, na mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida. Usemi unaomkumbuka una sura moja tu.

Sasa na utazamwe usemi wenyewe. Kwa sarufi ni nomino mbili zilizofungwa pamoja kwa silabi moja, na. Neno hili dogo hubeba kazi nyingi katika Kiswahili. Hujumlisha vitu viwili, kama katika baba na mama. Huonyesha kuwa mtu anacho kitu, kwani ana si kingine ila kufupishwa kwa kuwa na. Tena humtaja mtenda katika kauli ya kutendwa, kama katika kuchezwa na, kufungwa na. Msikilizaji anapoambiwa Kadenge na mpira, kazi hizi zote humjia kwa pamoja. Husikia kwamba Kadenge anao mpira. Husikia kwamba wawili hao ni wenzi. Na usemi unapopinduliwa, ukawa mpira na Kadenge, hajui tena ni nani aliye na mwenziwe. Laiti mtangazaji angesema Kadenge ana mpira, angetoa habari, na habari ikisha kutolewa hupita. Kwa kuliacha na peke yake, bila ya kiambishi cha nafsi, alichora picha, nayo picha hubaki.

Kwa upande wa mizani, usemi huu una silabi saba: tatu za Kadenge, moja ya na, na tatu za mpira. Umesimama kama mzani wenye vitanga viwili sawa, na mhimili wake katikati. Kipande cha kawaida cha shairi la Kiswahili kina mizani minane. Huu umepungukiwa na mmoja, na upungufu huo ndio uupao mwendo wa haraka, mwendo wa mtu asiyekanyaga kwa uzito. Ukiongezwa na pinduo lake, unapata mshororo mzima wa mizani kumi na minne, ambao mwisho wake ni jina lile lile lililouanza. Haidhaniwi kwamba mtangazaji alihesabu silabi katikati ya mchezo. Lakini sikio lililolelewa katika Kiswahili huhesabu bila ya kuambiwa, na maneno yaliyodumu miaka hamsini katika vinywa vya watu hayakudumu kwa bahati tu.

Jambo la tatu katika ufundi wa usemi huu ni marudio. Katika utangazaji wa mpira, mtangazaji hutaja jina la mchezaji mara moja, kisha huenda kwa mwingine, kwani mpira nao huenda. Mchezaji apigaye chenga huivunja desturi hiyo. Mpira hauendi kwa mwingine; amempita mmoja, bado anao; amempita wa pili, bado anao. Mtangazaji hana jina jingine la kutaja. Hapo hurudia, na kila marudio ni mlinzi aliyepitwa. Msikilizaji hakuelezwa jinsi mguu ulivyokwenda kushoto na mwili kulia. Alipewa hesabu ya marudio, akaijaza picha mwenyewe. Mtindo huu ni wa kishairi hasa, maana maana yake imo katika umbo lake: muda ambao mpira unakaa mguuni ndio muda ambao maneno yanakaa mdomoni.

Usemi huu aghalabu hunasibishwa na Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa Sauti ya Kenya. Nasaba yake yafaa ikumbukwe na wapenzi wa fasihi, kwani alitoka katika ukoo wa Mbotela wa Freretown, Mombasa, ukoo uliomtoa James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934. Lakini kama ilivyo kwa methali, usemi ukisha kupokewa na umma hauwi tena mali ya mtu mmoja. Watoto waliucheza vichochoroni na watu wazima wakautumia katika mazungumzo yasiyohusu mpira kabisa. Kwa hiyo yafaa usomwe kama kazi ya fasihi simulizi, ambayo msanii wake alikuwa na hadhira iliyomsaidia kutunga.

Hadhira hiyo ilikuwa ni watu wasioona. Hapa ndipo Ngara na Biharamulo zinapoingia. Ngara iko mpakani, magharibi yake ni Burundi na kaskazini yake ni Rwanda. Biharamulo iko mashariki yake, katika njia iendayo ziwani. Kutoka huko hadi Dar es Salaam, ambako michezo mikubwa ilichezwa, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Televisheni haikuanza Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, mpenzi wa mpira katika wilaya hizo alimjua mchezaji mashuhuri kwa kusikia, na chombo chake kilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua jina hilo mwaka 1965. Mchezaji kwake hakuwa sura wala kimo. Alikuwa jina, na sauti iliyolitamka jina hilo, na kelele za watu nyuma ya sauti. Hali hiyo ilikuwa moja kwa mtu wa Biharamulo aliyesikiliza mchezo wa Dar es Salaam, na kwa mtu wa Vihiga aliyesikiliza mchezo wa Nairobi. Wote wawili walimpenda mtu ambaye, akiwapita njiani, wangempisha wasimtambue.

Mapenzi ya namna hiyo yana hukumu ya pekee wakati wa kifo. Aliyemwona mchezaji kwa macho humkosa kwa macho: anajua kwamba mguu ule hautaonekana tena. Aliyemsikia tu ana sauti iliyobaki, na sauti haikuzeeka. Mchezaji alipostaafu, usemi haukustaafu. Alipougua, haukuugua. Alipokufa, washabiki waliufungua mdomo wakaukuta uko vile vile. Hii ndiyo nguvu ya kwanza ya usemi huu katika msiba, na chanzo chake ni cha kisarufi: hauna kitenzi. Kwa kuwa hauna kitenzi hauna wakati. Hauna li, wala na, wala ta. Lugha ya Kiswahili, mtu akifa, hudai mabadiliko mara moja. Anacheza huwa alicheza, na mbele ya jina huwekwa marehemu au hayati. Usemi huu hauna mahali pa kuyapokea mabadiliko hayo. Hakuna awezaye kusema marehemu Kadenge na mpira bila ya kuuvunja mwendo wake na kuchekesha watu. Maneno yenyewe yanakataa kuambiwa kwamba mtu amekufa.

Hapana shaka kwamba katika saa ya kwanza ya huzuni neno la namna hii ni dawa. Lakini dawa ya saa ya kwanza si lazima iwe chakula cha miaka yote. Ili kuona upungufu wake, inafaa kuutazama usemi huu kando ya vivugo.

Kivugo, au majigambo, ni sifa ambayo shujaa hujisifu mwenyewe mbele ya watu. Sanaa hii ilistawi katika nchi zote za pembe ile. Ng'ambo ya kaskazini, H. F. Morris alikusanya sifa za kishujaa za Wahima wa Ankole na kuzitolea kitabu mwaka 1964, mwaka ule ule ilipoundwa Abaluhya United. Katika mkoa wa Kagera wenyewe, M. M. Mulokozi aliandika tasnifu kubwa juu ya tenzi za kishujaa za Wahaya ziimbwazo kwa zeze la enanga, akaikamilisha mwaka 1986, na Y. I. Rubanza alitoa mwaka 1994 kitabu kizima juu ya majigambo, yaitwayo huko ebyebugo. Upande wa magharibi, Rwanda na Burundi zina hazina kubwa ya sifa za namna hiyo, na Wahangaza wa Ngara, ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kirundi, ni majirani wa hazina hiyo. Kwa hiyo mtu wa Ngara au Biharamulo anayemsikia shujaa wa mpira akisifiwa katika redio hakutoka katika nchi isiyojua kusifu. Anayo masikio yaliyofundishwa.

Kivugo kinatofautiana na usemi wa Kadenge kwa mambo matatu. La kwanza ni msemaji. Katika kivugo shujaa husema mwenyewe, husimama mbele ya mtawala wake au mbele ya watu waliokusanyika, na wengi katika wasikilizaji wake waliijua vita anayoisimulia. Akiongeza chumvi kupita kiasi, wapo wanaojua. Kadenge hakujisifu, alisifiwa na mwingine, mbele ya watu wasioweza kuhakikisha. Yafaa isemwe kwa haki kwamba jambo hili lilimpa heshima ambayo mjigambi hana, kwani sifa itokayo kwa mwingine haina doa la majivuno. Walakini pia ilimnyang'anya kauli. Tangu mwanzo hadi mwisho wa sifa yake mashuhuri, Kadenge hasemi lolote.

La pili ni mahali. Kivugo hujaa majina ya mahali: kilima fulani, kivuko fulani, malisho ambako ng'ombe walitekwa au kuokolewa. Jina la mahali huifunga sifa katika ardhi, na mjukuu akilisikia aweza kwenda kupaona. Usemi wa Kadenge hauna uwanja wala mji. Umetoka katika michezo mingi, na kwa hiyo si wa mchezo wowote.

La tatu ndilo kubwa, nalo ni wenzi. Katika sifa za Ankole mshororo huanza kwa jina la sifa la shujaa, na aghalabu hufuatwa na jina la mahali au jina la mwenzi aliyekuwa naye: mimi fulani, pamoja na fulani. Shujaa ajisifuye, ambaye mtu angemdhania kuwa ni mwenye kiburi kuliko wote, hakumbuki vita bila ya kukumbuka aliyekuwa ubavuni pake. Kwa lugha ya sarufi, na yake imemfunga kwa mtu. Na ya Kadenge imemfunga kwa kitu. Mchezo wa wachezaji kumi na mmoja, wenye kumi na mmoja wengine wa kuwakabili, umepunguzwa ukawa mtu mmoja na mpira mmoja. Aliyempa mpira hayumo. Waliompisha njia kwa kuwavuta walinzi hawamo. Hata mlinzi aliyepitwa, ambaye bila yeye chenga haiwezi kuwapo, hayumo.

Jambo hili si dogo, kwani linagusa mpaka wa usemi wenyewe. Kadenge na mpira ni kweli kwa muda ambao mpira uko mguuni pake. Mara atoapo pasi, usemi umekwisha. Mpira sasa ni wa mwingine, na mtangazaji ana jina jingine la kutaja. Basi usemi huu waweza kumsifu mchezaji kwa kila alichokishika, wala hauwezi kumsifu kwa chochote alichokitoa. Na ukocha, ambao ni sura ya pili ya maisha ya Kadenge, ni kazi ya kutoa tangu mwanzo hadi mwisho. Kocha hana mpira. Anasimama nje ya mstari, na yote aliyoyajua mguuni imempasa ayapitishe katika miguu ya vijana. Hapo usemi unanyamaza, kwa sababu hauna pa kuishika kazi hiyo.

Kunyamaza huko si kosa la usemi wa Kadenge peke yake. Ni desturi iliyoenea katika namna washabiki wa Afrika ya Mashariki wawakumbukavyo makocha, na mfano wake mzuri uko Tanzania. Joel Bendera, aliyefariki mwezi wa Desemba 2017, alikuwa kocha wa Taifa Stars iliyofuzu kwa fainali za Mataifa ya Afrika zilizochezwa Nigeria mwezi wa Machi 1980. Baada ya hapo aliishi maisha marefu ya utumishi, akawa mbunge na mkuu wa mkoa. Alipofariki, washabiki walimkumbuka kwa sentensi ya namna moja: kocha aliyeipeleka Taifa Stars Lagos. Tazama jinsi sentensi hii isivyofanana na ile ya Kadenge. Ina kitenzi, ina wakati uliopita, ina o rejeshi inayomfanya mtu awe maelezo ya tukio. Mchezaji hupewa picha isiyo na wakati, na kocha hupewa tarehe.

Tena sentensi ya Bendera ilitegemea jambo lililo nje yake. Ilikaa na nguvu kwa miaka 39 kwa sababu katika miaka hiyo yote hakuna mwingine aliyeipeleka Taifa Stars katika fainali hizo. Tarehe 24 Machi 2019 Tanzania iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 jijini Dar es Salaam, ikafuzu tena. Tangu siku hiyo sifa ya Bendera imehitaji kuongezewa neno: wa kwanza. Sifa ya kocha, basi, huongezwa na kushindwa kwa waliomfuata na kupunguzwa na kushinda kwao, jambo ambalo ni dhuluma, maana kocha mwema hutamani wafuasi wake washinde. Sifa ya mchezaji haiguswi na jambo kama hilo. Hakuna mchezaji ajaye atakayeufanya usemi wa Kadenge uhitaji neno la ziada.

Mtetezi wa usemi huu aweza kujibu kwamba unaonewa. Ataseme: usemi si wasifu wa mtu. Hakuna aulizaye methali moja ieleze maisha yote. Na mtangazaji katika dakika ya mchezo hakujua kwamba maneno yake yatawekwa juu ya kaburi. Jibu hili ni la haki, na lazima likubaliwe kwa upande wa mtangazaji. Kazi yake aliifanya kwa ukamilifu: alitakiwa aonyeshe mchezo kwa wasioona, naye akauonyesha. Hukumu haimwangukii yeye. Inawaangukia waombolezaji, ambao walikuwa na muda, walikuwa na habari za maisha yote, na bado walishika maneno yale yale kana kwamba mchezo ulikuwa bado unaendelea.

Hata katika habari za kifo chake jambo hili lilijidhihirisha kwa umbo. Ukoo wa habari za namna hiyo una kichwa na mwili. Katika kichwa yaliwekwa maneno matatu mashuhuri. Katika mwili, kwa nathari ya kawaida isiyo na mizani, yakaja mengine: mwaka wa kuzaliwa, klabu alizochezea, timu ya taifa aliyoiongoza mwaka 2002, teksi, ugonjwa. Hakuna kilichofichwa, lakini msomaji hukariri kichwa na kusahau mwili. Teksi haikupata usemi. Na ni nani awezaye kukana kwamba katika teksi ile mlikuwa na jambo kubwa la kufikiriwa na taifa? Abiria aliketi nyuma ya mtu ambaye jina lake huenda alilitamka utotoni kwa shangwe, na huenda asijue. Mtu yule yule aliyesemwa kuwa na mpira kila siku ndiye sasa aliyetafuta nauli. Usemi unaosema kwamba mtu anacho kitu daima unawarahisishia wasemao wasiulize kama bado anacho chochote. Hapa ndipo kutokuwa na wakati, kulikokuwa dawa katika msiba, kunapokuwa hatari katika uhai: anayesifiwa bila ya wakati huachwa azeeke bila ya kutazamwa.

Vivugo havina hatari hiyo kwa kiasi kile, kwa sababu mjigambi yupo, husimama, huonekana amekonda au amenenepa, na mkuki mkononi mwake ni mzito au mwepesi kwa umri wake. Wasikilizaji humsikia shujaa na kumwona mtu kwa wakati mmoja. Redio ilivitenga viwili hivyo. Ilitoa zawadi kubwa kwa watu wa mbali, wa Vihiga na wa Biharamulo, na bei ya zawadi hiyo ni kwamba shujaa aliweza kusikika bila ya kuonekana, na kwa hiyo kupendwa bila ya kutunzwa.

Hukumu ya mwisho, basi, ni ya pande mbili. Kadenge na mpira ni miongoni mwa sifa fupi zilizo bora katika Kiswahili cha karne ya 20. Kwa silabi saba umefanya kazi ambayo beti nyingi za kusifu hazikuifanya: umehifadhi kitendo chenyewe, si maelezo ya kitendo. Lakini kama maombolezo haujakamilika, kwani maombolezo hudai wakati, hudai wenzi, na hudai sura zote za mtu. Aliyeulia kwa usemi huu peke yake amemlilia kijana wa miaka ya 1960, na mzee wa mwaka 2019 bado anadai machozi yake.

Yafaa ikumbukwe pia siku ambazo kifo hiki kilitokea. Tarehe 27 Juni 2019, huko Cairo, Kenya na Tanzania zilikutana katika fainali za Mataifa ya Afrika, na Kenya ikashinda kwa mabao 3 kwa 2 baada ya Tanzania kutangulia mara mbili. Safari hii mpenzi wa mpira wa Ngara aliweza kuona kwa macho, na alichokiona kilimuuma. Siku kumi baadaye ndipo alipofariki mchezaji ambaye kizazi chake kilishindana na Tanganyika katika Kombe la Gossage. Jirani aliyefungwa ana haki ya kumlilia mshindani wake. Nao msiba wa namna hiyo ni safi kuliko wote, kwa kuwa hauna upande wa kushangilia.

Tarehe 7 Februari 2025 Leonard Mambo Mbotela naye alifariki. Usemi ule ule ukatajwa tena, safari hii kwa kumlilia aliyeusema. Mtenda ameondoka, na msemaji ameondoka. Aliyebaki ni msikilizaji, naye amezeeka. Wanafunzi wa fasihi wanaokwenda Ngara na Biharamulo kukusanya vivugo vya vita na ng'ombe wangefanya vema kuwauliza wazee hao hao swali moja zaidi: katika redio, ni mchezaji gani waliyempenda, aliitwa kwa maneno gani, na alikuwa pamoja na nani. Swali hilo la tatu lisiachwe, maana usemi wa Kadenge unamtaja Kadenge na unautaja mpira, na waliokuwa naye uwanjani sharti waulizwe kwa wale wachache ambao bado wanawakumbuka.